Ndoa na Mzungu Ikivunjika: Kibali cha Kukaa Ulaya Hubaki Vipi?

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi, wazee wa vijiji na vijana wa Kisii na Nyamira katika kikao cha kuelimisha umma



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo familia nyingi hulisema kwa kunong'ona. Kijana wa kike au wa kiume amefunga ndoa na Mzungu, ameondoka Keroka, Ogembo au Nyansiongo, amefika Ulaya, na baada ya miaka kadhaa ndoa imeharibika. Hapo kibali chake cha kukaa kule kinakuwaje? Wengi huamini kwamba ndoa ikifa na kibali kimekufa siku hiyo hiyo. Wengine huamini kinyume chake, kwamba mtu akishaingia Ulaya hakuna wa kumtoa. Pande zote mbili zimekosea, na kila kosa lina gharama yake. Wa kwanza huvumilia kipigo kwa miaka kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Wa pili hulala usingizi mpaka barua ya kufukuzwa inapofika.

Ieleweke mapema kwamba uhamiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa, na viza za Ulaya hutolewa na nchi za Ulaya zenyewe. Kaunti haiwezi kumpa mtu kibali wala kumrefushia. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba mwananchi haingii gizani, na kwamba hauzi shamba la chai kumlipa wakala anayedai ana mtu wake ubalozini.

Jambo la kwanza la kujua ni uraia wa mwenzi na nchi ambako wanandoa wanaishi. Watu huliruka swali hili, na ndilo linaloamua karibu kila kitu. Mholanzi anayeishi na mke wake Mkenya nchini Ubelgiji yuko chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu amehama kutoka nchi yake kwenda nchi nyingine ya Umoja. Mholanzi huyo huyo akiishi na mke huyo huyo kwao Uholanzi, kwa kawaida kinachotumika ni sheria ya Uholanzi yenyewe. Mke ni mmoja, mume ni mmoja, cheti cha ndoa ni kile kile, lakini masharti ni tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akipewa ushauri na rafiki aliyepewa talaka Ujerumani, na yeye yuko Italia, aupokee kwa adabu kisha akatafute wakili.

Tuanze na sheria ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2004 Umoja ulipitisha Agizo namba 38 kuhusu haki ya raia wake na familia zao kuhama na kukaa. Kifungu cha 13 cha agizo hilo kinasema kwamba mwenzi asiye raia wa Ulaya hapotezi haki ya kukaa kwa sababu ya talaka, mradi mojawapo ya hali nne ipo. Hali ya kwanza ni muda: ndoa iwe imedumu angalau miaka 3 kabla ya kesi ya talaka kufunguliwa, na katika miaka hiyo, angalau mwaka 1 uwe umeishiwa katika nchi husika. Ya pili ni pale mzazi asiye Mzungu anapopewa ulezi wa watoto wa yule raia wa Ulaya, kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama. Ya tatu ni mazingira magumu sana, na sheria yenyewe inataja mfano wa ukatili wa nyumbani wakati wa ndoa. Ya nne ni haki ya kumtembelea mtoto mdogo, ikiwa mahakama imeamua kwamba matembezi hayo lazima yafanyike katika nchi hiyo.

Hesabu ya miaka inahitaji uangalifu. Chukua mfano wa binti wa Manga aliyefunga ndoa na Mholanzi Januari 2020, akabaki Kenya akisubiri, kisha wote wawili wakahamia Ubelgiji Juni 2022. Mume akifungua kesi ya talaka Machi 2023, ndoa ina miaka 3 na zaidi, lakini binti amekaa Ubelgiji miezi 9 tu. Sharti la mwaka 1 halijatimia. Kesi hiyo ikifunguliwa Julai 2023, limetimia. Tofauti ya miezi minne inaweza kuamua kama mtu atabaki au atafunga sanduku. Zingatieni pia kwamba inayohesabiwa ni siku kesi ilipofunguliwa. Siku hakimu alipotoa hukumu ya talaka siyo inayotazamwa.

Na kutengana bila talaka je? Hapa kuna hukumu ya zamani ambayo inafaa ijulikane na kila Mwafrika aliyeolewa Ulaya. Bi. Diatta, raia wa Senegal, alikuwa ameolewa na Mfaransa aliyefanya kazi Berlin. Wakatengana, kila mmoja akawa na makao yake, na maafisa wakakataa kumrefushia kibali kwa hoja kwamba haishi tena na mumewe. Tarehe 13 Februari 1985 Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ilisema kwamba wanandoa hawalazimiki kuishi chini ya paa moja wakati wote, na kwamba ndoa haijavunjika mpaka mamlaka yenye uwezo iivunje. Kwa hiyo, chini ya sheria ya Umoja, mke aliyekimbilia kwa rafiki au kwenye nyumba ya hifadhi hajapoteza haki kwa kuhama chumba.

Lakini kuna mtego mwingine, nao umewanasa wengi. Tarehe 16 Julai 2015 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya wanaume watatu waliokuwa wakiishi Ireland: Singh kutoka India, Njume kutoka Cameroon na Aly kutoka Misri. Wake zao walikuwa raia wa Latvia, Ujerumani na Lithuania. Ndoa zilipoharibika, wanawake hao waliondoka Ireland kwanza, na kesi za talaka zikafunguliwa baadaye. Mahakama ikasema kwamba raia wa Ulaya akiondoka nchini kabla ya kesi kufunguliwa, haki ya mwenzi wake huisha siku anapoondoka, na talaka inayokuja nyuma haiwezi kuifufua. Miaka ya ndoa ilikuwepo, lakini kwa maana hiyo haikuwasaidia. Somo la kesi hii ni la vitendo: mwenzi akianza kufunga mizigo yake kwenda kwao, mtu asikae akingoja kwamba labda atarudi. Amwone wakili wiki hiyo hiyo.

Kwa waliodhulumiwa, mahakama ililegeza kamba. Tarehe 2 Septemba 2021 iliamua kesi ya mwanamume kutoka Algeria aliyekuwa Ubelgiji na mke wake Mfaransa. Ndiyo, aliyedhulumiwa hapa alikuwa mume, na wanaume wa Gusii wanaocheka habari za mwanamume kupigwa wasikie hili: sheria haikucheka. Mahakama ilisema mwathiriwa wa ukatili anaweza kubaki na haki yake hata kama mwenzi aliondoka nchini kwanza, mradi kesi ya talaka ifunguliwe ndani ya muda unaofaa. Bwana huyo alikuwa amengoja karibu miaka 3, na mahakama ikaona muda huo haufai. Kwa hiyo hata aliye na haki anaweza kuichelewa.

Tena, kubaki na haki si mwisho wa mambo. Mpaka apate makazi ya kudumu, aliyepewa talaka lazima aonyeshe kwamba ana kazi, au ana biashara yake, au ana fedha za kutosha pamoja na bima ya afya, asiwe mzigo kwa msaada wa serikali. Makazi ya kudumu hupatikana baada ya miaka 5 mfululizo ya kukaa kihalali. Na neno mfululizo lina uzito kwa watu wa kwetu, ambao mazishi na migogoro ya ardhi huwarudisha nyumbani kwa muda mrefu. Kuwa nje ya nchi hiyo kwa jumla ya miezi isiyozidi 6 kwa mwaka hakukati hesabu. Inaruhusiwa pia mara moja kuwa nje hadi miezi 12 mfululizo kwa sababu nzito kama uzazi au ugonjwa mkubwa. Zaidi ya hapo, hesabu inaweza kuanza upya. Hata makazi ya kudumu yenyewe hupotea mtu akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Familia inayomwambia kijana abaki Kisii mpaka kesi ya shamba iishe ijue inamwomba nini.

Sasa tuje kwa wale ambao wenzi wao wako katika nchi zao wenyewe.

Ujerumani, kwa mfano, ina Sheria ya Makazi, na kifungu cha 31 kinahusu mwenzi baada ya ndoa kuvunjika. Anapata kibali chake mwenyewe, kisichotegemea ndoa, ikiwa wanandoa waliishi pamoja kihalali nchini Ujerumani kwa angalau miaka 3. Zamani ilikuwa miaka 2, ikaongezwa mwaka 2011. Angalieni tofauti na kesi ya Bi. Diatta. Hapa kinachohesabiwa ni kuishi pamoja, ndani ya Ujerumani. Miaka mliyokaa pamoja Suneka haimo, na siku mtu anapohama kwa nia ya kutengana ndiyo siku hesabu inaposimama, hata kama cheti cha ndoa bado kiko sandukuni na talaka haijaombwa. Mwenye miaka 2 na miezi 10 anayehama kwa hasira ya usiku mmoja anaweza kuwa amejikata mguu. Lakini asibaki mahali pa hatari kwa ajili ya miezi 2, kwa sababu sheria hiyo hiyo haidai miaka 3 pale ambapo kuna ugumu wa pekee, na ukatili wa nyumbani umo. Kibali hurefushwa kwa mwaka 1 kwanza, na kupokea msaada wa serikali katika mwaka huo hakukizuii. Baada ya hapo mtu anatarajiwa kujitegemea. Mzazi anayemlea mtoto aliye raia wa Ujerumani ana njia yake tofauti, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyo imara zaidi.

Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, kwa hiyo yaliyosemwa juu ya Agizo la 2004 hayamhusu anayeingia leo kwa viza ya mwenzi. Viza hiyo ni njia ya miaka 5 kufikia makazi ya kudumu. Ndoa ikivunjika kabla, serikali inapaswa kuarifiwa, na inaweza kukifupisha kibali, kwa kawaida hadi siku 60, ili mtu ahame njia au aondoke. Mwathiriwa wa ukatili wa nyumbani anaweza kuomba makazi ya kudumu moja kwa moja bila kungoja miaka hiyo 5, na asiye na fedha anaweza kwanza kupewa kibali cha muda cha miezi 3 kinachomruhusu kupata msaada wa serikali.

Kuna jambo moja la Uingereza ambalo linahusu Kisii na Nyamira moja kwa moja. Mume anakuja na mke wake likizo nyumbani, wanakaa wiki mbili, halafu mume anarudi peke yake, ameondoka na pasipoti na karatasi zote, na mke amebaki kwa wazazi wake asijue kimetokea nini. Zamani mwanamke wa namna hiyo alikuwa amekwisha, kwa kuwa maombi ya mwathiriwa yalifanyiwa ndani ya Uingereza tu. Tangu 31 Januari 2024 kanuni zinamruhusu mwenzi aliyetelekezwa nje ya nchi kwa njia hiyo kuomba akiwa huko huko aliko. Aripoti polisi, apate namba ya OB, aombe pasipoti mpya kupitia eCitizen, na atafute wakili wa uhamiaji wa Uingereza aliyesajiliwa. Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya. Hakuna mume wala mke mwenye haki ya kuifungia kabatini.

Kuhusu watoto, mahakama za Ulaya zimewasikiliza zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Bi. Ibrahim, mama kutoka Somalia, alikuwa Uingereza, nchi hiyo ilipokuwa bado katika Umoja. Mume wake, raia wa Denmark, alifanya kazi huko miezi michache kisha akaondoka, akamwacha na watoto wanne. Hakuwa na fedha wala bima ya afya. Tarehe 23 Februari 2010 Mahakama ya Ulaya ilisema kwamba watoto wa raia wa Umoja aliyewahi kufanya kazi katika nchi hiyo wana haki ya kuendelea na masomo yao pale pale, na mzazi anayewalea ana haki ya kukaa nao, wala hadaiwi aonyeshe fedha wala bima. Mtoto aliyeandikishwa shule, kwa hiyo, anaweza kuwa nguzo ya kibali cha mama yake. Halafu mwaka 2017, katika kesi ya akina mama wa watoto Waholanzi huko Uholanzi, mahakama ilisema kwamba haitoshi kudai kuwa baba Mholanzi yupo na anaweza kumlea mtoto. Lazima itazamwe mtoto anamtegemea nani kwa kweli, umri wake, mapenzi yake kwa kila mzazi na hatari ya kutenganishwa na yule wa pili.

Hapa nyanya na babu waliofika wavumilie neno moja gumu. Ndoa ikivunjika, ushauri wa kwanza kutoka nyumbani huwa: mlete mtoto, atalelewa huku. Nia ni njema. Lakini kumtoa mtoto Ulaya bila idhini ya mzazi wa pili au ya mahakama kunaweza kuwa jinai kule, na huharibu kesi ya ulezi ambayo pengine ndiyo iliyokuwa imeshika kibali cha mama. Mtoto huyo, kwa Katiba ya 2010, ni Mkenya kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni Mkenya, na uraia wa pili haumvui wa kwanza. Haupotezi kwa kukulia Hamburg. Nyumbani kutamngoja.

Mila nayo ina sehemu yake, na ni vizuri kuisema wazi. Wazee husema ndoa haijaisha maadamu ng'ombe hawajarudishwa. Katika baraza la ukoo hoja hiyo ina uzito wake, lakini ofisi ya uhamiaji ya Brussels haijui habari za ng'ombe. Inasoma vyeti na tarehe. Kuna upande wa pili pia: kijana aliyeoa kimila hapa nyumbani, kisha akafunga ndoa ya serikali na Mzungu kana kwamba ni kapera, amejenga kibali chake juu ya mchanga. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila kuwa ndoa kamili na inataka isajiliwe. Siku ya ugomvi, picha za sherehe ya Nyaribari zikifika kwa wakili wa upande wa pili, kinachojadiliwa hakitakuwa talaka tena. Kitakuwa uhalali wa ndoa yenyewe.

Halafu kuna chinsoni. Heshima hii ya kale humzuia binti kumwambia baba au mama mambo ya ndani ya ndoa yake. Matokeo yake ni kwamba mama husikia habari ya kipigo mwaka wa nne, wakati hakuna daktari aliyeona jeraha wala polisi aliyeandika taarifa. Lakini mila hiyo hiyo inamruhusu mjukuu kuzungumza kwa uhuru na nyanya yake. Basi nyanya waulize. Wakiambiwa jambo, wamwambie mjukuu aende kwa daktari, polisi au nyumba ya hifadhi kule aliko, na atunze karatasi anazopewa. Ujumbe wa simu wenye vitisho usifutwe, hata ule wa aibu. Katika kesi za ukatili, karatasi ya siku ile ile huaminiwa kuliko ushahidi wa machozi baada ya miaka.

Familia iliyobaki nyumbani ina kazi yake, na si ya kutuma pesa tu. Cheti cha ndoa iliyofungwa Kenya kinaweza kupatikana tena kwa Msajili wa Ndoa, chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa katika Kituo cha Huduma cha Kisii au cha Nyamira. Karatasi zinazokwenda kutumika Ulaya mara nyingi hudaiwa zithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje na kutafsiriwa na mtafsiri aliyeidhinishwa, na shughuli hiyo huchukua wiki, kwa hiyo ianze kabla barua ya kufukuzwa haijafika. Nakala za pasipoti, kibali, mkataba wa nyumba na hati za mishahara zikae pia kwa mtu anayeaminika hapa nyumbani. Ubalozi wa Kenya haumpi mtu kibali cha nchi nyingine, lakini unaweza kutoa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria na kumwelekeza mtu kwa mawakili.

Aliyepata talaka Ulaya na anataka kuoa au kuolewa tena hapa asidhani kwamba hukumu ya kule inajitegemea. Sheria ya Ndoa inaitambua talaka ya nje kwa masharti, na wakili anapaswa kuiangalia kabla ya siku ya harusi kutangazwa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuuliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, au FIDA Kenya, ambao wana ofisi Kisumu. Anayekwenda aende na tarehe nne zimeandikwa: ya kufunga ndoa, ya kuingia nchi ile, ya kuacha kuishi pamoja, na ya kesi kufunguliwa kama imefunguliwa. Wakili yeyote, wa huku au wa kule, ataanza na hizo.